Spika za Mjomba

Nikianza kufuta vumbi, huanza na mbao. Ganda la mtiki limegeuka rangi ya asali upande wa dirishani, ule unaopigwa na jua la Mombasa kila asubuhi. Boksi lina kimo cha sentimita 30 na upana wa 19 tu, lakini ukilinyanyua unashangaa: linapita kilo 5. Mjomba alizileta kutoka London alipomaliza masomo, akizizungushia blanketi kama mtoto mchanga. Ni spika za Rogers LS3/5A, jozi yenye namba zinazofuatana, maana zililinganishwa mbili mbili kabla ya kuuzwa.

Waliozibuni ni wahandisi wa idara ya utafiti ya BBC, miaka ya 1970, wakitafuta spika ya kuenea ndani ya gari la matangazo. Katika idara hiyo, kipimo kikuu kilikuwa sauti ya mtu anayezungumza: wanamrekodi, kisha wanailinganisha spika na mwenyewe akiongea. Naona walichagua vyema. Sikio husamehe gitaa lililopotoka kidogo; sauti ya binadamu halisamehe.

Kuta ni plaiwudi ya mti wa birch, na kwa ndani zimebandikwa vipande vya lami ili ubao usiitikie muziki. Besi ya kutikisa madirisha spika hizi hazina, wala sijawahi kuitamani.

Kinachonigusa zaidi ni ule ukanda mnene wa sufu iliyogandamizwa, unaoizunguka spika ndogo ya juu pande zote nne. Fundi mmoja aliwahi kuung'oa akidhani ni pambo lililochakaa. Nilipoziwasha, kila herufi "s" ilichoma kama sindano. Ubao wa mbele umeingia ndani kidogo ya kingo za boksi. Sauti nyembamba ikitambaa juu yake hugonga kingo hizo, ikarudi imechelewa na kujichanganya na ile ya kwanza. Sufu huimeza kabla haijafika. Niliviokota vile vipande vya sufu kwenye kikapu cha taka, nikavirudisha kimoja kimoja kwa gundi, nikitafuta alama ya zamani ya kila kona kwa tochi.

Jana usiku niliweka santuri ya Bi Kidude. Kabla ya neno la kwanza alivuta pumzi, na mama, aliyekuwa jikoni, akaacha kukuna nazi.