Kuchagua Mfereji

Mto Nzoia huteremka kutoka milima ya Cherangani na kupita Moi's Bridge, mji ulioitwa zamani Hoey's Bridge, ukielekea Ziwa Viktoria. Jina la mto huo lilipewa pia kampuni iliyoundwa kuwasambazia maji watu wa Kitale na Bungoma. Katika ukanda huu wote tunamjua fundi wa mabomba na msoma mita. Mimi namsifu mpima maji, hasa kwa kazi anayoifanya kabla hajafungua chupa: kuchagua mfereji.

Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, mji wa watu 50,000 wanaotumia maji ya bomba huhitaji angalau sampuli 120 za vijidudu kwa mwaka, yaani 10 kwa mwezi. Kila chupa basi huwasemea watu 5,000. Akizijaza zote jirani na mtambo wa kusafishia, majibu yatapendeza na hayatamlinda mtu.

Kwa hiyo mpima hodari hutandaza ramani na kujiuliza maji hudhoofikia wapi. Klorini hupungua kadiri maji yanavyokaa bombani. Mferejini isishuke chini ya miligramu 0.2 kwa lita. Maji hulala zaidi kwenye ncha za mabomba, penye nyumba chache. Mgao nao una hatari yake: presha ikianguka, bomba lenye ufa hunyonya uchafu wa mtaroni. Basi huchagua kilima kinachopata maji usiku tu, bonde ambako bomba huvuka mtaro, kioski cha kujazia mitungi, shule, zahanati. Vituo vingine habadilishi, apate kulinganisha mwezi na mwezi. Vingine huvizungusha, mtaa wowote usisahaulike.

Ndipo huja ufundi wa mkono: kuuchoma mfereji kwa moto, kuyaacha maji yatiririke, kujaza chupa tasa bila kuugusa mdomo wake, kuiweka kwenye barafu na kuiwahisha maabara. Lakini mkono safi hauiokoi chupa iliyojazwa pasipofaa.

Mwaka 1854, jijini London, daktari John Snow aliwafuata wagonjwa wa kipindupindu hadi akaifikia pampu ya Broad Street. Mpima wetu huyafuata maji ili wagonjwa wasipatikane. Huenda kwa hiari yake penye uwezekano wa jibu baya, na huo ni uadilifu. Mji wenye mtu kama huyo umpe pikipiki, mafuta, na uhuru wa kuandika alichokiona.