Rangi na Jirani Yake

Msomaji, yamkini umepata kumsikia mtu akisema, "Rangi hii mbaya." Hukumu hiyo ni nyepesi kutamkwa lakini ni ngumu kuthibitishwa, kwa sababu jicho haliioni rangi peke yake, huiona pamoja na jirani yake.

Nami nimepata kukosa katika jambo hili. Mwanafunzi mmoja alichora mbuzi amesimama juu ya udongo wa rangi ya chungwa. Nilimkemea na kumpunguzia alama, nikisema kwamba hakuna mbuzi wa buluu. Hakunijibu kwa maneno. Alitoboa tundu katika karatasi nyeupe, akaiweka juu ya picha hata ikaonekana ngozi ya mbuzi peke yake. Ilikuwa kijivu tupu, haina hata tone la buluu. Alama nilimrudishia, na tangu siku ile naogopa kuhukumu kwa haraka.

Wachoraji wamezoea kuzipanga rangi katika duara. Nyekundu, manjano na buluu huhesabiwa kuwa za asili. Nyekundu na manjano huzaa rangi ya chungwa. Manjano na buluu huzaa kijani. Buluu na nyekundu huzaa zambarau. Rangi zinazopakana katika duara hupatana kwa upole. Zinazokabiliana, kama nyekundu na kijani, au buluu na chungwa, hutiana ukali zikiwekwa bega kwa bega. Lakini zikichanganywa katika sahani moja hufifishana, zikawa kama tope.

Jambo hili lilichunguzwa na Michel Eugène Chevreul, mwanakemia aliyesimamia utiaji wa rangi katika kiwanda cha Gobelins, mjini Paris. Alilalamikiwa kwamba nyuzi zake nyeusi hufifia zikifumwa kando ya buluu na zambarau. Alizilinganisha na nyuzi nyeusi za viwanda vingine, akaona hazina upungufu. Kosa halikuwa katika pipa la rangi, bali katika ujirani. Jicho huiongezea rangi kitu kilicho kinyume cha jirani yake. Ndiyo maana mbuzi wa kijivu juu ya chungwa alinielekea kuwa buluu. Mwaka 1839 Chevreul alitoa kitabu juu ya habari hiyo.

Sasa tuitazame leso ya kisutu, ambayo wanawake wa pwani yetu huivaa arusini. Rangi zake ni tatu: nyekundu, nyeusi na nyeupe. Aliyekariri duara atauliza, "Mbona kijani haimo?" Haimo, wala haihitajiki. Duara hutufundisha undugu na upinzani wa rangi, lakini halitufundishi yote juu ya mwanga na giza. Katika kisutu nyeupe ni upeo wa mwanga, nyeusi ni upeo wa giza, na nyekundu imesimama kati yao. Kwa hiyo nakshi ya pindo na ya mji husomeka kutoka mbali, hata katika msongamano wa watu.

Ukitaka kujua thamani ya mpango huo, uharibu kwa makusudi. Nakili kipande cha kisutu katika karatasi, na mahali pa nyeusi na nyeupe utie kijani yenye giza sawa na ile nyekundu. Rangi zitakuwa kali zaidi, lakini mipaka yake itatetemeka machoni, na nakshi haitasomeka. Ukali si uzuri, na wingi wa rangi hauwezi kuchukua mahali pa mpango.

Basi, msomaji, utakapoulizwa maoni yako juu ya picha, nguo au ukuta uliopakwa rangi, usianze kwa kusema rangi fulani ni mbaya. Tazama kwanza imewekwa kando ya nini, na ipi ina mwanga, ipi ina giza. Ukiona shaka, toboa karatasi ufanye kama alivyofanya yule mwanafunzi, ndipo utoe hukumu yako.