Kuitafuta Kusadikika Tanga

Mtu anywaye maji matamu ya mto hutamani siku moja kuiona chemchemi yake. Ndivyo alivyo msomaji na kitabu akipendacho. Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert kilichopigwa chapa mwaka 1951, nimekisoma mara nyingi, na kwa miaka kadhaa nimekifundisha hapa Tunduma. Nami nalizoea kuwaambia wanafunzi wangu ya kuwa nchi ile ya ajabu iliyo angani ni sura ya pwani alikolelewa mwandishi. Siku moja kijana mmoja akasimama akaniuliza, "Mwalimu, ikiwa ndivyo, sisi watoto wa bara tutaandika nini?" Sikuwa na jibu. Likizo ilipofika nalifunga safari kwenda Tanga, nikajionee kwa macho yangu kama niliyoyafundisha ni kweli.

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, kusini ya mji wa Tanga, karibu na Machui, ambako alizikwa mwaka 1962. Wengi wetu tukiliona jina la Robert hudhani alikuwa Mkristo. Lakini hilo ni jina la baba yake, naye alikuwa Mwislamu. Tena asili ya ukoo wake ni Wayao, watu wa kusini. Basi huyu tumwonaye kuwa mpwani wa wapwani alikuwa mwana wa watu waliotoka mbali.

Nalifika Vibambani asubuhi. Naliona minazi, mikoko, mitumbwi iliyovutwa mchangani, na watoto wakikimbizana kama wa kwetu wakimbizanavyo. Nalitazama huku na huku nikiitafuta Kusadikika, nisiione. Kesho yake nikaenda kwenye mapango ya Amboni, kaskazini ya mji, yenye kuta za mawe ya chokaa na giza nene, mahali ambapo watu huacha sadaka kwa mizimu. Hapo moyo wangu uliruka. Nalisema, "Kumbe hapa ndipo alipoupata ule mji wa mawe ulio katika Adili na Nduguze!" Lakini furaha ile haikudumu. Kisa cha Adili na ndugu zake waliogeuzwa manyani kina asili yake katika Alfu Lela u Lela, hadithi za kale za Waarabu. Mwandishi alikipata katika masimulizi, wala si katika pango. Hili ndilo kosa la msafiri wa namna yangu: kwa kuwa amelipa nauli kubwa, hutaka kila jiwe limshuhudie.

Kitabu chenyewe kingaliweza kunionya. Kusadikika hakina harufu ya bahari. Watu wake huitwa kwa tabia zao: waziri ashtakiye ni Majivuno, na mshtakiwa, ambaye kosa lake ni kutaka kufundisha sheria, ni Karama. Huo ni uzuri wake, na pia ni upungufu wake. Wajumbe sita hutumwa pande sita, na kila arudiye na habari njema huadhibiwa, hata msomaji aujua mwisho wa safari kabla mjumbe hajaondoka. Tena nchi walizozizuru twazisikia zaidi kuliko tunavyoziona.

Hata hivyo safari yangu haikuwa bure, kwa maana naliendelea mpaka Pangani. Mwandishi alikwenda shule Dar es Salaam mwaka 1922 angali kijana, na mwaka 1926 akaingia Idara ya Forodha, akawa karani humo hata mwaka 1944. Pangani ilikuwa moja ya vituo vyake. Nikiwa nimesimama ukingoni mwa mto, ghafula nalikumbuka nyumbani. Nani kwetu asiyeijua kazi ya forodha? Malori hupanga mstari Tunduma yakingoja kuvuka kwenda Nakonde, na kila mpita njia huulizwa, "Watoka wapi? Umechukua nini?" Kilichokubaliwa hupita, kilichokataliwa huzuiwa.

Nitakalosema sasa ni maoni yangu tu, lakini yapimeni. Wale wajumbe sita ni wasafiri warudio mpakani na mizigo ya mawazo mema, na nchi yao wenyewe yawakamata kama wachukuzi wa magendo. Siku sita Karama asimama barazani akiwatetea, ili mizigo yao ifunguliwe na kutazamwa kwa haki. Mtu aliyekaa miaka 18 penye forodha hakosi kujiuliza ni mizigo gani izuiwayo bure. Vibambani palimpa lugha. Swali, nadhani, alilipata kazini.

Niliporudi naliwakusanya wanafunzi, nikaungama kosa langu. Nikawakumbusha Kimondo cha Mbozi, pande lile kubwa la chuma lililotoka mbinguni likaangukia nchi yetu, ambalo wenyeji walilijua kabla habari zake hazijafika nje mwaka 1930. Basi ikiwa ni mambo ya angani, Songwe haikunyimwa. Ikiwa ni forodha, tunayo mlangoni. Wahenga walisema, Penye miti hapana wajenzi. Na mimi mwalimu nalikuwa nikiwafundisha wajenzi kwamba miti iko Tanga peke yake.

Juma lililofuata kijana yule aliniletea kurasa mbili juu ya mama yake, auzaye mchele mpakani, na siku moja gunia lake lilipozuiwa hata jua likachwa. Maneno mengine aliyaandika vibaya, nikayasahihisha kwa wino mwekundu. Kisha nikazisoma tena toka mwanzo, safari hii bila kalamu.