Matumizi ya Kaya na Chanzo cha Umaskini

Mwaka 1901 Seebohm Rowntree, mtoto wa tajiri mwenye kiwanda cha chokoleti, alitoa kitabu kiitwacho Poverty: A Study of Town Life, kuhusu mji wa York, Uingereza. Wanafunzi wengi wa historia ya umaskini huanzia hapo. Yafaa tukihakiki, kwa kuwa kitabu hiki ni silaha ya kumtetea mfanyakazi, lakini kikisomwa vibaya humgeukia mfanyakazi huyo huyo.

Tuanze na sifa zake. Mwaka 1899 utafiti wake ulikusanya habari za familia 11,560 za wafanyakazi, yaani watu 46,754. Kisha akakadiria gharama ya chini kabisa ya kuuweka mwili katika afya. Kwa baba, mama na watoto watatu ilikuwa shilingi 21 na peni 8 kwa wiki: chakula shilingi 12 na peni 9, kodi ya nyumba shilingi 4, na mengine yote, kama nguo, makaa na taa, shilingi 4 na peni 11.

Alikuta asilimia 27.84 ya wakazi wote wa mji ni maskini. Aliwagawa mafungu mawili. Fungu la kwanza, asilimia 9.91, mapato yao hayakufikia kiwango hicho hata kidogo. Zaidi ya nusu yao, asilimia 51.96, walikuwa katika familia ambazo mkuu wake alikuwa na kazi ya kudumu, ila kwa mshahara mdogo. Hoja ya mabwanyenye kwamba maskini ni mvivu ilivunjwa hapo.

Fungu la pili, asilimia 17.93, lilikuwa na mapato ya kutosha kwa hesabu, lakini sehemu yake ilitumika kwa mambo mengine. Hapa mabwanyenye hupata mwanya wa kusema: wengi wamejitakia! Lakini tukitazame kiwango chenyewe. Hakikuacha nauli, gazeti, barua, wala mwanasesere wa mtoto. Hakikuacha hata ada ya chama cha wafanyakazi. Basi mfanyakazi aliyelipa ada ili apiganie mshahara bora angeweza kuhesabiwa fungu moja na mlevi! Rowntree mwenyewe alieleza ukali wa kiwango hicho, na kwamba ulevi mara nyingi ni tunda la hali mbaya ya maisha. Kosa ni la anayechukua jedwali na kuacha maelezo.

Upungufu wa pili ni kuihesabu kaya kama tumbo moja. Maud Pember Reeves na wanawake wenzake wa Fabian walifuatilia matumizi ya akina mama wa Lambeth, London, kuanzia 1909, na kitabu kikatoka 1913. Walionyesha kwamba baba alilishwa kwanza ili apate nguvu za kazi. Mama na watoto walikula kilichobaki. Wastani wa kaya huficha jambo hilo.

Nchini Tanzania, utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 ulitoa asilimia 26.4 ya umaskini wa mahitaji ya msingi. Kada anayesoma tarakimu kama hizo ajiulize maswali matatu. Kiwango kimeacha nini nje? Ndani ya nyumba, nani anakula kidogo? Na nani anayepanga mshahara na bei ya mazao? Jedwali la matumizi huonyesha fedha zilikokwenda. Sababu ya kuingia chache lazima itafutwe nje ya nyumba ya maskini.