Karama Kizimbani

Makanisani kwetu neno karama hutajwa kwa furaha, kijana anapoimba vizuri au mama anapotunga wimbo wa kwaya. Shaaban Robert, Mwislamu wa Tanga aliyezaliwa mwaka 1909, alilichukua neno hilo, akalifanya jina la mtu, kisha akamsimamisha mtu huyo kizimbani. Ndiyo habari ya Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka 1951. Karama anashitakiwa kwa kuwafundisha watu sheria, na mshitaki wake ni waziri Majivuno.

Katika kujitetea, Karama anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, hata mbinguni na ardhini, kuitafutia nchi yao mema. Walirudi na mashauri mazuri, wakatiwa gerezani. Mwandishi aliyajua mambo hayo kwa karibu. Kwa miaka mingi alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, kwanza forodhani, baadaye katika ofisi za Tanga. Mchana ulikuwa wa mwajiri. Kalamu ilipata masalio. Kufikirika ilichapishwa mwaka 1967, miaka 5 baada ya kufa kwake. Naye Siti binti Saad, ambaye Shaaban aliandika wasifu wake, alidhihakiwa kwa umaskini na sura yake.

Hata hivyo, Kusadikika ina upungufu. Karama hana doa, na Majivuno hana jema. Kwa hiyo kila msomaji hujiweka upande wa Karama, akafunga kitabu akiwa ameridhika na nafsi yake. Lakini tunawajua wenye vipawa walioharibiwa na ulevi, uvivu au kiburi chao wenyewe. Mara nyingi Karama na Majivuno hukaa ndani ya mtu mmoja. Katika mfano wa talanta, Mathayo 25, yule mtumwa hakunyang'anywa na jirani. Alichimba shimo kwa mkono wake, kwa sababu ya hofu, kisha akamlaumu bwana wake.

Ndiyo maana tunashauri vitabu hivi viwili visomwe pamoja. Injili inamwuliza mwenye kipawa amekifanyia nini. Shaaban Robert anatuuliza sisi tuliomzunguka. Swali moja halifuti jingine. Mwalimu wa kwaya akianza kulewa, kosa ni lake. Tukimfuta jina siku hiyo hiyo, na asiwepo mzee hata mmoja wa kupiga hodi kwake, hilo ni letu.

Leo jina la Shaaban Robert limepewa mtaa na shule jijini Dar es Salaam. Ni heshima inayostahili, lakini kumheshimu marehemu ni kazi nyepesi. Katika Kusadikika, Karama aliachiliwa angali hai. Basi tutazame katika sharika zetu ni nani bado yuko kizimbani, tukamsikilize kabla hatujaitwa mazishini kwake.