Herufi Moja kwa Harusi Nzima

Kwenye harusi ya Kisomali mjini Garissa, wanaume wakishamaliza nikahi na sinia zao za wali na nyama, sherehe yenyewe huwa bado haijaanza. Kina mama ndio huianzisha. Mazulia hutandikwa hemani, uunsi, yaani uvumba, hufukizwa mpaka nguo zote zishike harufu, ngoma ikaanza taratibu na makofi yakaifuata. Husimama mwanamke mmoja akashika kipaza sauti. Huyo haimbi kama mwimbaji wa taarabu. Anautoa mstari mmoja, anaunyoosha, anaushusha, wenzake wanaitikia, naye anatoa mwingine. Mstari ukimgusa mtu, labda umemsifu mama yake au umetaja wema wa bibi aliyefariki, basi mguswa huinuka na kuingia uwanjani, shali mkononi, miguu ikidunda ardhi, vigelegele vikipaa. Hiyo ndiyo buraanbur. Wanaume wa Kisomali wana bahari zao za ushairi, gabay na geeraar zikiwa maarufu zaidi, na hii ni ya wanawake.

Mgeni huondoka na picha ya nguo na ngoma. Mimi nisiye Msomali nilikuwa hivyo hivyo kwa muda mrefu, mpaka nilipoketi karibu na bibi mmoja aliyekuwa hatazami uwanja hata kidogo. Alikuwa ameinamisha kichwa, kidole chake kikigonga goti kila mstari ulipopita. Alikuwa anakagua.

Alichokuwa akikikagua ni herufi. Sisi wa Kiswahili tumelelewa kusikiliza mwisho wa kipande: kina cha kati, kina cha mwisho, mizani nane kwa nane. Msomali hutega sikio kwenye mwanzo wa neno. Malenga akichagua G, basi kila mstari sharti uwe na neno linaloanza kwa G, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, ziwe beti za dakika tatu au usiku mzima. Vijineno vidogo vya kuunganishia havihesabiwi, maana herufi lazima ibebwe na neno lenye uzito wake. Irabu zote huchukuliwa kuwa kundi moja, kwa hiyo neno la A laweza kukaa na la I bila kosa. Hakuna msamaha mwingine.

Kwa Kiswahili jambo hili linaonekana jepesi, na hapo ndipo tunapojidanganya. Tazama: watu wazuri wawili waliwasili Wajir. Herufi W mara tano, na hakuna aliyetoka jasho, kwa sababu upatanisho wa ngeli umetupa bure. Kisomali hakina zawadi hiyo. Hata kiambishi cha kubainisha nomino hukaa mwishoni mwa neno, kwa hiyo mwanzo wa kila neno ni wa neno lenyewe. Jaribu sasa bila msaada wa ngeli. Gavana kagonga gogo, gari lagoma gizani: umepita. Mstari wa pili unaleta gumzo na gubu. Ukifika wa nne umeshaanza kutafuta gundi, gunzi na gongo, na maana imekukimbia tangu zamani. Sasa fikiria mistari sitini, na kila mmoja unapaswa kumsifu bibi harusi, kumtania bwana, kuwakumbuka waliofariki na kutomkosea mkwe yeyote aliyeketi pale.

Ndiyo sababu kuchagua herufi ni nusu ya kazi. Kwa harusi, G ni karimu: guur ni ndoa, guri ni nyumba, gabar ni msichana, gacal ni mpenzi, geel ni ngamia, na mji wenyewe unaanza kwa G. Malenga aliyeichagua ana ghala lililojaa. Aliyeingia na Kh amejifunga mwenyewe, maana karibu maneno yote ya sauti hiyo yamekopwa kutoka Kiarabu, na yatamsukuma kwenye mawaidha hata kama amekuja kuchekesha. Bingwa husikika pale unapoisahau herufi kabisa. Anazungumza, unacheka, unalia, na baadaye sana ndipo unapogundua kwamba muda wote huo hajaiacha hata mara moja.

Juu ya herufi kuna mizani, na hii ni ngumu zaidi kuiona. Kisomali hutofautisha irabu fupi na ndefu, na ndefu huhesabiwa mbili. Washairi walizipima irabu hizo kwa karne nyingi bila kanuni iliyoandikwa. Ilipofika 1976, miaka minne tu baada ya Kisomali kupewa rasmi maandishi ya Kilatini, ndipo mshairi Maxamed Xaashi Dhamac, maarufu kwa jina la Gaarriye, alipochapisha gazetini Mogadishu maelezo ya jinsi mizani hiyo inavyofanya kazi. Kabla ya hapo sikio ndilo lililokuwa kitabu. Mchunga ngamia asiyejua kusoma aliweza kusema mstari huu umevunjika, na akawa sahihi.

Sikio hilo lilifinyangwa kazini. Msichana wa jamii za wafugaji alikuta nyimbo za kusukia maziwa ndani ya kibuyu, za kutwanga nafaka, za kusuka mikeka ambayo wanawake huezekea nyumba yao ya kuhamahama, za kumpakia ngamia mizigo alfajiri. Kila kazi ina mdundo wake, na mdundo ndio uliomzoesha kupima urefu wa irabu kabla hajatunga lolote la kwake. Akishaolewa na kuzaa ndipo anapoanza kusikilizwa.

Lakini hapa pana dhuluma ya zamani. Mashairi ya wanaume yalikuwa na wahifadhi, watu walioyabeba kichwani neno kwa neno na kuyapeleka kutoka kisima hadi kisima, wakitaja kwanza jina la mtunzi na chanzo cha shairi. Beti za mshairi Sayyid Mohamed Abdille Hassan, aliyefariki 1920, zingali vinywani mwa wazee hadi leo. Za wanawake hazikupata wabebaji wa namna hiyo. Mashairi ya Hawa Jibril, mmoja wa malenga wakubwa wa kike wa karne iliyopita, yalikusanywa na kutafsiriwa na binti yake mwenyewe, yakatoka kitabuni Canada mwaka 2008. Bila binti, bila Canada, sijui yangekuwa wapi. Kwa hiyo mtu akiniambia buraanbur ya zamani ilikuwa bora kuliko ya sasa, swali langu la kwanza huwa: ipi? Iliyobaki ni ile iliyokuwa nzuri mno hata ikakataa kusahaulika. Mbovu zilizikwa pamoja na harusi zake.

Hata hivyo ubishi upo, na ni mkali. Ukikaa na kina mama wa mtaa wa Bulla Iftin au wauzaji wa soko la Suq Mugdi, hapo Garissa, utausikia. Wakubwa wanasema buraanbur imeuzwa. Msanii hukodiwa, hufika na kinanda na spika, husifu ukoo huu leo na ukoo ule kesho kwa beti zile zile, jina tu likibadilishwa. Wanasiasa nao wamegundua utamu wake, wakaiingiza kwenye mapokezi na mikutano ya kampeni. Video husambaa kabla hina ya bibi harusi haijafifia. Wadogo wanajibu kwamba bila hizo spika na hizo simu, buraanbur ingebaki ya vikongwe, na sasa binti aliyezaliwa Minneapolis, Marekani, anaijua. Pande zote mbili zina haki, na zote zinakera kwa jinsi zisivyosikilizana.

Wala si ubishi wao peke yao. Kijana wao aliyeketi nje ya hema na simu yake anabishana hivyo hivyo kuhusu katuni za Kijapani. Waliofuatilia Naruto, iliyoanza kurushwa Japani 2002, wanalalamika kwamba tangu filamu ya Demon Slayer ya 2020 ivunje rekodi ya mapato nchini humo kila mtu amejifanya shabiki na kazi zimekuwa za harakaharaka. Mama ndani, mwana nje, na shutuma ni moja: kikishapendwa na wengi, kimeharibika.

Historia ya wimbo wa Kisomali inaicheka shutuma hiyo. Katika miaka ya 1940 dereva wa lori wa pande za Borama, Abdi Deeqsi aliyeitwa Sinimo, alianzisha nyimbo fupifupi za mapenzi zilizojulikana kama belwo. Vijana wa mijini walizipokea kwa shangwe, na wanawake wakaimba pamoja na wanaume, Khadija Ciye Dharaar akiwa miongoni mwa wa mwanzo. Mashekhe walizilaani kwa utovu wa adabu. Wazee wa gabay walizidharau kwa wepesi: mistari michache, hakuna hoja, hakuna falsafa. Kwao huo ulikuwa mwisho wa sanaa. Belwo zikaunganishwa zikawa nyimbo ndefu, heello, na Abdullahi Qarshe akaziongezea kaban, yaani udi. Huyu Qarshe, anayeitwa baba wa muziki wa kisasa wa Kisomali, alizaliwa Moshi mwaka 1924, chini ya Kilimanjaro. Si wengi huku kwetu wanaolijua hilo. Baada yake wakaja mabingwa kama Hudeydi, mzaliwa wa Berbera aliyefia London 2020. Leo hii mzee wa Garissa akitaka kumkemea mjukuu wake kwa muziki wa kinanda, humwambia asikilize udi wa Hudeydi, ajue muziki ni nini. Kilicholaaniwa kimekuwa kipimo.

Kwa hiyo siwezi kusema umaarufu unaua sanaa. Mwaka 1979 Gaarriye alianzisha Deelley, mnyororo wa mashairi ambapo makumi ya washairi walijibizana kwa herufi D juu ya ukabila na utawala wa Rais Siad Barre. Kanda zilinakiliwa na kunakiliwa tena, zikasambaa upesi kuliko mkono wa serikali. Ni vigumu kupata sanaa iliyowahi kupendwa na wengi zaidi ya hiyo, na ubora wake haukupungua hata chembe. Kwa nini? Kwa sababu kila aliyeiweka kanda kwenye redio yake alikuwa mkaguzi. Mshairi aliyejibu alijua kwamba akiiacha D mstari mmoja, atachekwa kutoka Hargeysa mpaka Mogadishu.

Kilichobadilika, kwa maoni yangu, ni ukaguzi huo. Buraanbur ya leo inapata watazamaji wengi kuliko wakati wowote, lakini wakaguzi hawaongezeki. Binti aliyekulia Eastleigh, Nairobi, kwa Sheng na Kiingereza hucheza vizuri mno, shali inaruka inavyopaswa, lakini herufi ikidondoka katikati ya shairi, yeye haoni pengo. Malenga akigundua kwamba hakuna anayesikia, atachoka bure kwa nini? Na kinanda kinaongeza kosa jingine ambalo wachache hulitaja. Mdundo wake haupindi, hivyo irabu fupi huvutwa na ndefu hukatwa ili ziingie. Ngoma ya mkono humsubiri msemaji. Kinanda hakimsubiri mtu.

Hilo halimaanishi kila kipya ni kibovu. Kundi la kina mama wa Garissa liitwalo Gargar lilirekodi albamu ya Garissa Express na studio ya Ketebul Music ya Nairobi, wakaweka magitaa chini ya sauti zao, na sauti zikabaki zikiongoza. Ni chaguo la fundi anayejua kipi kisiguswe. Na bado wapo, katika harusi za kawaida zisizorekodiwa na mtu, wanawake ambao hawajawahi kulipwa shilingi, wanaoweza kuishika herufi kuanzia isha mpaka wageni waanze kutafuta viatu vyao. Nimewasikia. Mmoja alipokonywa neno na kicheko cha umati katikati ya mstari. Alinyamaza, akaacha ngoma ipite mara mbili, kisha akarudi na neno jingine la herufi ile ile lililowajibu waliocheka. Yule bibi wa kidole gotini aliinua kichwa kwa mara ya kwanza usiku ule, akapiga kigelegele.

Ukialikwa harusi Garissa, Wajir au Mandera, na hasa kama Kisomali chako ni cha salamu tu, usitangulize simu. Muulize mama aliye kando yako herufi ya leo ni ipi, kisha uifuate naye mstari kwa mstari. Huhitaji kuelewa kila neno ili kusikia G. Ikifika mwisho salama, nenda mbele umtuze malenga kwa mikono miwili. Ikiwa imedondoka njiani, pesa yako irudishe mfukoni.