Ua Mbele ya Kopo, Glisirini Nyuma

Julai hapa Songwa ngozi hupauka mpaka ukijikuna muundi unaacha maandishi meupe. Ndiyo miezi ya makopo ya mafuta kutoka kwa wingi. Nililonunua lina picha ya ua la zambarau: heather, yaani Calluna vulgaris, kichaka cha nyika za baridi za Ulaya. Kwetu hakioti, ingawa jamaa zake, mierika, wamejaa Kilimanjaro juu ya msitu.

Ua hilo limeingiaje koponi, na linafanya kazi gani humo?

Kwa kawaida maua hukaushwa, yakalowekwa katika maji na glisirini, kisha yakachujwa. Maji hayo huwa na flavonoidi na tanini kidogo. Sehemu iliyobaki ni yale maji na glisirini vilivyotumika kulowekea. Na glisirini ndiyo yenye kuvuta unyevu na kuushikilia kwenye tabaka la juu la ngozi. Orodha ya Ulaya ya viambato vya vipodozi inalitaja ua hili kuwa kitunza ngozi. Neno hilo pana kama uwanja wa mnada: hata mafuta ya alizeti yamo.

Basi geuza kopo. Kwa kanuni za Ulaya, kiambato chenye uzito mkubwa hutangulia, ila vilivyo chini ya asilimia 1 hupangwa apendavyo mtengenezaji. Tafuta phenoxyethanol, kihifadhi ambacho huko hakiruhusiwi kuzidi asilimia 1. Chochote kinachofuata hapo hakiwezi kuzidi kiasi hicho. Kwenye kopo langu yalianza maji, ikafuata glisirini, kisha mafuta ya petroli. Chini kabisa kihifadhi, manukato, halafu ndiyo ua. Nilicheka peke yangu.

Mafuta ya ubuyu, niliyonunua pia, ni habari nyingine. Mbegu zikishaoshwa unga na kukaushwa, hukamuliwa kwa mashine bila kupikwa, mafuta yakaachwa yatulie na kuchujwa. Theluthi hivi ni asidi oleiki, karibu theluthi nyingine linoleiki, na robo hivi palmitiki. Hayaleti maji kwenye ngozi. Yanazuia yaliyopo yasitoroke. Ndiyo maana hupakwa mara tu ukitoka kuoga, mwili ukiwa bado una umajimaji. Na kwa kuwa hayana maji, bakteria hawapati pa kuzaliana, kihifadhi hakihitajiki.

Kuyala ndipo pa kuangalia. Mbuyu na pamba yetu ni ukoo mmoja, na mafuta ya mbegu zao yakiwa mabichi yana asidi malvaliki na sterikuliki. Wafugaji wa kuku wanazijua kwa vituko vyake: kuku akila mashudu ya pamba yenye asidi hizo, ute wa mayai yaliyowekwa akiba unaweza kugeuka pinki. Kusafisha mafuta kwa joto kali kiwandani huzipunguza. Kwenye mguu uliopauka hazinisumbui.

Ila nisiyasifie kupita kiasi. Tangu 2019 vipodozi vimo mikononi mwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lakini chupa yangu ya ubuyu ilikuwa ya maji ya kunywa, haina hata herufi moja. Muuzaji aliianika juani siku nzima, na linoleiki haipendi jua wala hewa. Nilipoifungua nyumbani ilinuka rangi ya mlango.